Gunia la kahawa, wavu, na mabega ya mtu

Siku niliyoposti kwenye grupu la familia kwamba nashona suti ya kujifichia porini, simu iliita ndani ya dakika tano na aliyepiga alikuwa mama, hata salamu hakusubiri. "Baba Neema, hizo nguo za jeshi umezitoa wapi?" Nikamwamkia kwanza, shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya niambie hizo nguo umezitoa wapi. Ikabidi nimweleze pole pole kwamba huku ninakoishi, Missouri, katikati kabisa ya Marekani, nguo za mabakamabaka zinauzwa supamaketi pamoja na soksi, mtoto anavaa, bibi kizee anavaa, mtu anaingia nazo benki na hakuna anayemgeukia.

Kama umekulia Tanzania huhitaji kuelezwa kwa nini alishtuka. Kwetu raia haruhusiwi sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo, na sio sheria ya kwenye makaratasi tu, Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kila raia mwenye nguo za namna hiyo azisalimishe. Mimi nimekulia Urambo, mkoa wa Tabora, nikijua tangu mdogo kwamba hata kofia tu ya mabaka ni matatizo ya kujitakia. Kwa hiyo kabla sijaendelea, ndugu yangu unayesoma ukiwa huku ughaibuni na unapanga kwenda likizo nyumbani, jaketi lako la kuwindia liache kabatini. Usiliweke kwenye begi ukasema ni zawadi ya mjomba.

Ila mama picha alikuwa hajaiangalia vizuri. Nilichokuwa nashona hakikuwa na baka hata moja. Kilikuwa gunia. Magunia ya kahawa yaliyochambuliwa nyuzi, kipande cha wavu, na ovaroli langu la zamani la kazini, basi.

Nianze na ndege mwenyewe maana bila kumjua huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima anakaa wiki sita sebuleni anachambua gunia. Huku wakati wa machipuko watu wanawinda bata mzinga wa porini. Huyu sio yule mnene wa kufugwa, huyu ana miguu mirefu, anaruka, usiku analala juu ya mti, na macho yake ni balaa. Yako pembeni ya kichwa, bila kugeuza shingo anaona kama nyuzi 270 za duara, akigeuza shingo kidogo duara zima kalimaliza. Rangi anaziona vizuri kuliko wewe, na juu yake anaona hata ule mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu sisi hayaupati kabisa. Kunusa ndo hawezi. Kulungu wa huku ni kinyume chake, yeye pua kali lakini nyekundu na chungwa hazitofautishi, ndo maana kwenye msimu wa kulungu wa bunduki sheria inawataka wawindaji wavae kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka na kulungu hana habari nao. Kwa bata mzinga ukivaa hivyo umekwenda kutembea tu.

Na hawa ndege walikaribia kuisha Missouri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamebaki elfu chache tu, watu wa idara ya uhifadhi ya jimbo wakawa wanawatega wakiwa hai na kuwahamishia kwenye misitu mingine, mpaka 1960 ndo uwindaji wa machipuko ukafunguliwa tena kwa siku chache. Kwa hiyo kanuni zake zinafuatwa kweli kweli na mimi naziheshimu. Ukiwa umezaliwa kuanzia 1 Januari 1967 lazima upite kozi ya usalama ya wawindaji ndipo upate kibali, unaruhusiwa dume au yule mwenye ndevu tu, yaani fungu la manyoya magumu linaloning'inia kifuani, na ukimpata unatoa taarifa siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku.

Namna ya kuwinda ndo inayoleta shida yote. Humfuati. Huruhusiwi na akili kumfuata, nitaeleza mbele kwa nini. Unakaa chini umeegemea mti alfajiri giza bado lipo, unaigiza sauti ya jike, dume anajibu kutoka mbali, halafu anakuja. Sasa fikiria hapo, umemwita wewe, anajua sauti imetoka kwenye mti upi, anakuja anakagua palepale ulipokaa, jike halioni, na macho yake ndo hayo niliyokwambia. Hujifichi kwa mnyama anayepita na shughuli zake, unajificha kwa mtu anayekutafuta.

Msimu wangu wa kwanza nilivaa jaketi la kununua, zuri tu, lina picha za magome na majani yaliyochapishwa kama fotokopi ya msitu. Biashara ya nguo hizi ni ya juzi tu, kampuni mbili kubwa zake, Mossy Oak na Realtree, zote zilianza mwaka mmoja, 1986, moja kutoka Mississippi nyingine Georgia, na wote wazo lao lilikuwa achaneni na mabaka ya jeshi, chapisheni gome la mti wenyewe. Ni wazo zuri na watu wanapata ndege nalo kila mwaka. Ila mimi dume alikuja mpaka hatua kama arobaini, akasimama, akarefusha shingo, akatoa sauti moja fupi kavu, pat! akageuka akaondoka kwa miguu bila haraka. Sikuwa nimejitikisa. Mzee jirani yangu aliyenifundisha haya mambo alikuwa amekaa nyuma yangu pembeni, akaniambia kijana sio kwamba umejitikisa, umekaa kama mtu.

Tukafanya jaribio. Nikakaa kwenye uleule mti, yeye akarudi nyuma hatua thelathini akanipiga picha kwa simu, akanionyesha. Vile vijani vyote vizuri vya jaketi vilikuwa vimemezana, hakuna jani wala gome, ni kitu kimoja cheusi chenye mabega mawili na kichwa juu yake. Hapo ndo nikakumbuka sanamu la mama.

Mama alikuwa na mpunga kule mbugani na mahindi juu kidogo, na kila msimu ni vita, kwenye mpunga kweleakwelea, kwenye mahindi ngedere. Sisi watoto tulikuwa tunalinda lakini kuna saa za shule, kwa hiyo mama alikuwa anatengeneza sanamu la kuwatishia. Miti miwili imefungwa msalaba, koti kuukuu la babu limevalishwa, kibuyu juu. Mwisho. Halina miguu, halina mikono, halina macho wala pua, na ngedere ambaye anajua kufungua mlango wa ghala alikuwa anakaa pembezoni mwa shamba anashangaa. Yaani mnyama hahitaji mtu mzima mzima ili aone mtu. Mstari wa mabega na kitu cha mviringo juu yake, tayari kashaona.

Nikampigia mama nimuulize kuhusu lile sanamu na maelezo aliyonipa ni bora kuliko vidio zote nilizoangalia. Akasema kibuyu kilikuwa kinaanguka mara kwa mara na hakuna kilichotokea, ila siku ule mti wa kulala ukilegea mabega yakaning'inia upande, siku hiyohiyo ngedere wameingia. "Mabega mwanangu. Mtu ni mabega." Akaongeza kwamba ilibidi alihamishe kila baada ya siku mbili tatu, maana likikaa sehemu moja sana wanalizoea wanaliona mti.

Basi ndo kazi yangu ikawa hiyo, kulifumua sanamu la mama. Yeye alichukua miti na koti akatengeneza mtu, mimi nilitaka nichukue mtu nimrudishe kuwa miti na koti. Na rangi hapo ni jambo la pili, naomba hili ulishike kama unataka kushona yako, watu wanahangaika na kijani gani na kahawia gani wiki nzima na huku mabega yao yamenyooka kama rula.

Suti za namna hii huku wanaziita ghillie, mimi na wanangu tunaita suti ya gili. Neno limetoka Kigaeli cha Uskochi, gille, maana yake kijana au mtumishi, ndo waliokuwa wanawaongoza mabwana wenye ardhi kwenda kuwinda kulungu milimani, wanajua upepo, wanajua nyayo, wanatambaa mbele, bwana anakuja nyuma kupiga risasi moja na picha inachorwa yake. Mwaka 1900 Lord Lovat alikusanya watu kama hao akaunda kikosi cha Lovat Scouts wakaenda vita ya Makaburu Afrika Kusini, na ndo kinachotajwa kuwa kikosi cha kwanza cha jeshi kutumia hizi suti. Mimi natoka kwa Wanyamwezi, watu waliobeba mizigo ya misafara yote ile kutoka Tabora hadi pwani na majina yaliyoandikwa ni ya waliobebewa. Kwa hiyo jina hili nalipenda. Nguo ya mtumishi imebaki na jina la mtumishi, haikuitwa Lovat.

Sasa vifaa. Gunia nililipata kwa jamaa mmoja anayekaanga kahawa mjini, kahawa inamfikia kwenye magunia ya juti na yakiisha kazi anayarundika nyuma ya duka. Nikamuomba manne. Naenda kuyakunjua nyumbani moja limechapwa Tanzania kwa herufi kubwa za kijani. Nilikaa nalo kwenye mapaja muda mrefu tu. Mke wangu akapita akaliona akasema hilo hulikati, na kweli upande wenye maandishi sikuukata, upo ukutani mpaka leo, ila upande wa nyuma niliutumia kwa sababu niliona ni haki nalo liende porini.

Gunia la kahawa usilikate hivihivi. Lifue kwanza, lina vumbi na mafuta mafuta yatakayokukohoza, na usitumie sabuni ya unga ya kawaida maana nyingi zina ile dawa ya kung'arisha nguo, na ile kazi yake ni kumeza mwanga wa urujuanimno na kuurudisha kama mng'ao wa bluu, wewe unaona nguo safi ndege anaona taa. Nilinunua katochi kadogo ka mwanga huohuo wa urujuanimno, ka UV, kama kale wanakotumia wenye maduka kukagua noti feki, nikazima taa za sebuleni nikamulika kila kitu. Ovaroli la zamani lililofuliwa miaka yote na sabuni ya kawaida liliwaka bluu kama shati jeupe disko. Gunia likabaki jeusi kimya. Ovaroli nikalichemsha na rangi mpaka likanyamaza.

Kuchambua ndo kunakokula muda. Unakata vipande vya urefu wa kiganja hadi dhiraa, vingine vifupi vingine virefu kwa makusudi, halafu unavuta nyuzi za kulala moja moja zinatoka, zinabaki za kusimama zimeachana kama nywele. Ukishika fundo moja zuri la nyuzi kama thelathini linatosha. Jioni baada ya kazi nilikuwa nakaa na watoto mmoja huku mmoja huku tunachambua, zulia lote nyuzi, na Neema ana vidole vyembamba akawa ananipita kwa kasi.

Rangi nilipata bure. Missouri ndo inayoongoza Marekani kwa jozi nyeusi, miti imejaa, na lile ganda la nje la kijani likianza kuoza linatoa rangi ya kahawia iliyokolea ambayo haitoki. Nilikusanya ndoo mbili toka vuli nikaloweka na maji, machipuko yalipokaribia nikachemsha nje kwenye sufuria kuukuu, namna ileile kina mama wanavyochemsha ukindu wa mikeka, unachovya fungu moja dakika kumi, jingine saa nzima, jingine unaliacha usiku kucha. Kwa maji yale yale ukapata rangi nne, toka ile ya mchanga hadi ya karibu na makaa. Vaa glovu za mpira. Mimi sikuvaa na mikono ilikaa myeusi wiki mbili, hata kucha.

Kijani nilitia kidogo sana. Katikati ya Aprili msitu wa huku chini ni majani makavu ya mwaloni ya mwaka jana, mashina ya kijivu, na vijani vichache vya mayapo vinavyochomoza kama miavuli midogo. Miti juu bado haina majani. Watu wengi wanashona suti ya kijani kibichi kwa sababu kichwani mwao porini ni kijani, halafu wanakaa kwenye msitu wa kahawia wanaonekana kama kichaka kilichopotea. Babu yangu alikuwa analinda shamba na nguruwe pori na alipokuwa ananyatia alishika tawi la majani mbele yake, na alikuwa halichumi nyumbani, analichuma pale anapoanza kunyata. Nilikuwa sielewi. Miombo ya kwetu kabla ya mvua inachipua majani mekundu kama shaba, ukienda na tawi la kijani ulilokata mtoni wewe ndo wa pekee wa kijani mlima mzima. Kwa hiyo kwenye suti niliacha vitanzi vya uzi mtupu kama arobaini hivi, kazi yake ni kuchomekea kitu cha palepale, cha leo. Na chukua makavu ya chini, majani mabichi ukishayakata baada ya saa mbili yananyauka yanageuza tumbo lake jeupe nje, na kwenye msitu wa serikali si vizuri kukata kata.

Wavu ndo mgongo wa suti. Nilitumia wa uvuvi, macho yake kama ya kuingia vidole viwili, nikaushona juu ya ovaroli kwa uzi wa kusafishia meno, huu hauozi na haukatiki, na kwenye kila kishono nikapaka tone la gundi ya viatu. Vifundo vya gunia unavifunga kwenye wavu kwa kitanzi, unakunja nyuzi katikati, unapitisha, unavuta mikia ndani ya tumbo la kitanzi, kwisha.

Hapa ndo nilikosea na kosa langu nakupa ulifaidi. Vidio nyingi ni za watu wenye akili ya jeshi, mtu wa kutambaa kwa tumbo, kwa hiyo suti zao zinajazwa mgongoni na kifuani zinaachwa wazi. Nikaiga. Nilipomaliza nikaenda kukaa mtini nikagundua mgongo wenye nyuzi zote umelalia gome hauonwi na mtu, na kifua kitupu ndo kinachomtazama ndege. Ikabidi nifumue nusu. Mwindaji wa kukaa anahitaji nyuzi kichwani, mabegani, nje ya mikono na magotini, maana ukikunja miguu yale magoti mawili ni kama vichwa viwili vya ziada. Mgongoni wavu mtupu, utapumua na utapunguza uzito. Pale kitako cha bunduki kinapokaa kwenye bega hakuna hata uzi mmoja, na kama ni wa upinde basi kifua na ndani ya mkono unaoshika upinde pawe pamebanwa kabisa, uzi wa gunia ukiingia kwenye kamba ya upinde mshale unaenda kwa jirani.

Mabega ndo nilikaa nayo siku tatu. Kulifunika bega kwa nyuzi haitoshi, linabaki bega lenye manyoya. Nilichofanya ni kushona kofia pana inayoshuka moja kwa moja hadi katikati ya mkono, kama kanga ukijitanda, ili ule mkato wa shingo upotee, na upande wa kushoto nikafunga mafungu marefu ya rangi ya makaa, upande wa kulia mafupi ya rangi ya mchanga. Ukiangalia toka mbali upande mmoja unaonekana ni kivuli na mwingine ni nyasi, jicho haliunganishi. Suti isiwe na ulingano. Mtu kulia na kushoto anafanana, kichaka hakifanani.

Na moto. Juti inashika kama petroli, nilijaribu uzi mmoja na kiberiti cha gesi nje, sekunde haukufika na vidole viliungua. Unaweza kuloweka suti kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki ikakauka nayo, inapunguza kasi, mvua ikinyesha inatoka unarudia. Ila zaidi ya hapo usiwashe kitu ukiwa umeivaa, sigara, jiko la chai, chochote.

Ikikauka ilikuwa na kilo mbili na ushee. Nikapata mvua nayo siku ya pili tu ikawa kama nimebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani, nikarudi nikapunguza theluthi. Miiba ya huku nayo, waridi pori, inashika kila uzi, kwa hiyo sitembei nayo, naibeba kwenye mfuko nafika ninapokaa ndo naivaa.

Na kutembea nayo ni hatari kwa sababu nyingine ambayo hii sifichi wala sipunguzi maneno. Porini kuna wawindaji wengine wanaosikia sauti ya jike na dume kama wewe. Ndo maana nikasema huruhusiwi na akili kumfuata ndege, sauti unayoinyatia inaweza kuwa ya mtu. Usivae kitu chochote chekundu, cheupe au cha bluu, hata soksi, hizo ndo rangi za kichwa cha dume. Kaa na mti mpana kuliko mabega yako nyuma yako. Ukitembea, na hasa ukibeba ndege, vaa chungwa. Mimi pia nafunga kitambaa cha chungwa kwenye mti niliokaa, juu usawa wa kichwa cha mtu.

Wiki ya mwisho ya Aprili, msitu wa taifa wa Mark Twain, ule upande wa Cedar Creek usio mbali na Columbia, nilikaa saa kumi na moja kasoro. Kulipopambazuka ndege mdogo mwenye kofia nyeusi alitua kwenye goti langu. Kwenye goti. Akavuta uzi wa gunia, ukagoma, akavuta mwingine, ukatoka, akaondoka nao kwenda kujengea. Alirudi mara nne. Sijui nilipumuaje. Huyu ndege mwili wake wote ni kama kidole gumba changu na alikuwa anang'oa nyuzi za Tanzania kuwekea mayai yake kwenye mti wa Missouri.

Kama saa moja baadaye nikasikia hatua, nzito, mbili mbili, za mtu. Alikuwa mwanaume wa makamo, bunduki begani, anafuata kijinjia kinachopita hatua sita mbele yangu, na macho yake yalipita juu yangu yakaendelea. Nilifundishwa cha kufanya na nilikifanya, hupungi mkono, hutoi mlio wa ndege, hujitikisi, unaongea kwa sauti ya juu ya kawaida. Nikasema habari ya asubuhi, nimekaa hapa kwenye mwaloni kulia kwako. Alisimama akatafuta. Nikamwona anatafuta, macho yanapita kwenye kofia yangu, yanarudi, yanapita tena, na uso wake ukabadilika rangi, akashusha bunduki ikaangalia chini akasema asante kwa kuongea. Kitambaa cha chungwa nilikuwa nimefunga upande wa pili wa mti. Siku hizi nafunga viwili.

Dume nilimpata Mei. Alikuja hatua ishirini na tano, akanyoosha shingo akanitazama moja kwa moja muda wa kuhesabu mpaka kumi, halafu akainama kudonoa. Sina la kuongeza hapo. Kilo tisa, miguu yake migumu tuliichemsha kwa muda wa saa tatu kabla ya kuitia nazi, kifua tulikaanga na vitunguu, mzee jirani akaletewa bakuli lake.

Kitu kimoja cha afya, kupe. Misitu hii ina kupe mwenye doa jeupe mgongoni ambaye aking'ata baadhi ya watu miili yao inaanza kukataa nyama nyekundu, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mtu anakula mishikaki saa mbili usiku na saa sita anavimba. Nina rafiki toka Bukavu limempata, harusini anakula samaki tu. Gunia ni nyumba ya kupe, kwa hiyo ovaroli la ndani nanyunyizia permethrini, dawa ya kuua kupe, siku mbili kabla likauke, soksi juu ya suruali, na nikirudi suti hailali ndani ya nyumba.

Nilimtumia mama picha, ile aliyonipiga mzee kutoka hatua thelathini, mti uleule wa jaribio la kwanza. Kwenye grupu walianza wajomba, yuko wapi, hakuna mtu hapo, umetuma picha ya pori. Shangazi akazungushia duara jiwe. Mama alikaa kimya kama nusu saa, nikajua ameshika simu karibu na macho vile anavyofanya, halafu ikaingia sauti yake, sekunde nne.

"Mkono wa kushoto, Baba Neema. Unang'aa."

Nikaikuza picha. Kweli, nyuma ya kiganja, juu kidogo ya kitako cha bunduki, kulikuwa na mng'ao wa ngozi kama sarafu. Glovu nilizozivaa zilikuwa zimepanda vidoleni. Jumamosi nikachukua nyingine ndefu za pamba, nikazichovya kwenye maji ya jozi yaliyobaki kwenye ndoo, nikaziacha humo mpaka Jumatatu.